Tisheti ya Msiba ya Shemeji Aliye Hai

Habari admin. Nifichie jina na chuo ninachosoma, maana nikijulikana sitakuwa na pa kurudi. Mimi ni binti wa miaka 23, nasoma sanaa, mwaka wa pili. Likizo hii niko Tunduma kwa dada yangu. Mume wake ndiye anayenisomesha tangu baba yetu afariki kule Ileje. Shemeji ni dereva wa lori, anakwenda Kongo na kurudi. Nampenda kama kaka yangu wa tumbo moja.

Chuoni tunajifunza kuchapa picha kwa kompyuta. Kazi ya darasa niliyochagua ni sura za watu wa mpakani: napiga picha, naigawa rangi moja moja, kisha naichapa kwenye kitambaa. Mashine sina, kwa hiyo natumia ya duka moja la uchapaji hapa mjini, na mimi namsaidia bosi kazi zake. Nyingi ni tisheti za misiba. Marehemu kama hakuwahi kupiga picha na suti, tunamvalisha kwenye kompyuta, tunamwekea mawingu nyuma, chini tunaandika Pumzika kwa Amani. Nimeshawavalisha suti wazee wa Msangano ambao nadhani hawakuwahi hata kuigusa.

Sura ya kwanza niliyopiga ilikuwa ya shemeji. Ana kovu juu ya jicho la kushoto, na kwenye picha lilitoka vizuri sana. Alipoiona alicheka. "Shemeji, kumbe mimi mzuri hivi! Nikifa mtumie hiyohiyo." Dada hakucheka. Baadaye akaniomba nimtumie WhatsApp, nikamtumia.

Niseme na hili, maana ndilo linaloniumiza. Miezi michache iliyopita dada alisikia shemeji ana mwanamke ng'ambo ya mpaka, Nakonde, na amezaa naye mtoto tayari. Alilia mpaka sauti ikamkauka. Kisha siku moja akaacha. Sasa ni mpole kupita kiasi, anampokea mumewe begi, anamchemshia maji ya kuoga, hamuulizi kitu. Majirani wanamsifu eti ana moyo wa uvumilivu. Mimi ule upole unanitisha. Dada yangu namjua tangu utotoni, akigombeza ujue ameshasamehe. Safari hii hajagombeza.

Sasa juzi bosi akanirushia oda kwenye kompyuta. "Hii andaa mapema, mteja anataka ikae tayari." Nikafungua, nikamwona shemeji.

Asubuhi ileile nilikuwa nimemwacha sebuleni anakunywa chai! Maelezo yalisema liandikwe jina lake lote na mwaka wa kuzaliwa, ila tarehe ya kufariki iachwe wazi, itatumwa. Nikamuuliza bosi nani kaagiza.

"Namba ngeni tu, haina hata picha. Binti, sisi hapa tunachapa, hatuulizi. Wengine mgonjwa wao yuko hoi, wanajiandaa."

"Huyu si mgonjwa," nikasema.

Bosi akarudi kwenye mashine yake.

Kilichonimaliza ni lile kovu. Kwenye picha ya oda lilikuwa juu ya jicho la kulia. Sisi tunaochapa tisheti, picha tunaigeuza kwanza kwenye kompyuta, kama unavyojiona kwenye kioo, ili ikibandikwa kwa joto kwenye kitambaa irudi sawasawa. Ile picha niliigeuza mimi mwenyewe kwa ajili ya kazi yangu ya darasa. Na kwa haraka zangu, iliyogeuzwa ndiyo niliyomtumia dada. Sijampa mtu mwingine yeyote.

Jioni nikamkuta jikoni anachambua maharage. Nikamuuliza kama ile picha aliwahi kumtumia mtu. Hakuinua kichwa.

"Mdogo wangu, umekuja kusoma au kunichunguza?"

"Nauliza tu, dada."

Akatoa kijiwe, akakitupa nje, akaendelea kuchambua. Kisha kwa sauti yake ileile ya upole akaniuliza, "Hivi huko dukani kwenu, tarehe ikishapatikana, tisheti zinachukua muda gani?"

Jamani, sikuwa nimemtajia habari ya ile oda ya tisheti wala ya tarehe.

Nimechanganyikiwa. Nikimwambia shemeji, nimemuuza dada aliyenilea, na pengine ni hasira tu, hana lolote atakalofanya. Nikienda polisi nitasema nini, kwamba kovu limehama jicho? Watanicheka. Nikinyamaza halafu kitu kikatokea, nitamtazamaje mtoto wa dada na shemeji? Ana miaka minne, kila lori likipiga honi anakimbilia mlangoni akidhani ni baba yake.

Jumapili shemeji anasafiri. Miaka yote ya ndoa yao dada hajawahi kumfungia chakula cha njiani, shemeji hula kwa mama ntilie. Jana dada kanunua hotpoti mpya, ameiosha na kuianika. Na leo bosi ameniita kuniambia yule mteja wa namba ngeni anauliza kama Jumatatu mashine itakuwa na nafasi.

Leo ni Ijumaa. Ile tarehe bado iko wazi kwenye kompyuta, na mimi ndiye nitakayeambiwa niijaze. Nishaurini, ndugu zangu. Nimwambie nani, na nianzeje?