Kikombe cha Uzi Mwekundu

Wiki jana shangazi, ambaye sasa amelazwa na kansa, aliniomba maji, nikakumbuka kikombe cha mama.

Alasiri moja nikiwa mtoto kule Molo, nyumba ilinuka dawa na viazi vilivyoungua. Mama, naye akiwa na kansa, aliugulia maumivu chumbani. Shangazi alifunga uzi mwekundu kwenye mkono wa kikombe cha mama, akaniambia, "Hiyo ni ya mamako peke yake. Usiguse."

Nilidhani ni heshima, nikamwonea mama wivu. Kumbe shangazi aliogopa kansa ingetuambukiza, na tangu siku hiyo hakuna aliyemshika mama hata mkono.

Kwa hiyo shangazi alipoomba maji wiki jana, nilijaza kikombe, nikakifunga uzi mwekundu, nikanywa kwanza mimi. Kisha nikamwinua kichwa anywe. Akafumba macho.

"Fungua macho, shangazi," nikamwambia. "Uone vile mgonjwa hushikwa."