Mdomo wa Filimbi na Gari Lililosinzia Mlimani

Watu wakitaka kumsema Filimbi husema alikuwa na mdomo mchafu. Sawa, ulikuwa mchafu, na aliyeuonja kuliko mimi ni mdogo wake peke yake. Lakini wakiishia hapo basi heri wanyamaze, maana mdomo ule ule ndio uliowalisha wote pale gereji, na wengine walinenepa.

Mimi nashona viti vya magari. Chumba changu na gereji ya Mjomba vimetenganishwa na bati tu, na bati lina tundu la kutosha kupitisha kikombe cha chai. Mjomba wote tulimwita Mjomba, ila kwa Filimbi na mdogo wake alikuwa mjomba kweli, kaka wa mama yao. Alikuwa mzee, magoti yamemchoka, na alikwisha tangaza kwamba anakwenda kupumzika na funguo za gereji atamwachia mpwa mmoja. Hakusema yupi. Hakukuwa na haja. Filimbi alikwisha chagua hata rangi ya kupaka geti.

Kazi iliyompa jina ilikuwa ya mipira ya hewa, ile mirija myembamba ya kwenye injini. Injini ikifanya kazi huvuta hewa, na kwenye gari kuna vitu kadhaa vinavyoishi kwa mvuto huo. Mpira ukipasuka mahali, gari linaanza vituko. Mafundi wengine hubadilisha mpira mmoja, wakabadilisha wa pili, mpaka wabahatike. Filimbi alichomoa mpira, akautia mdomoni, akavuta, akaziba tundu kwa ncha ya ulimi. Ulimi ukinaswa, kitu ni kizima. Ukiachiwa, kimetoboka. Basi. Sikuwahi kumwona akikosea, na hakuwahi kukuacha ulisahau hilo.

Mdogo wake alijinunulia pampu ndogo ya mkono, yenye saa ya mshale, ambayo huvuta hewa na kukuonyesha kama inatoka. Kifaa safi kabisa. Filimbi alikichukua akakitundika chooni, kwenye msumari wa karatasi. Tangu siku hiyo akamwita mdogo wake Pampu, na sote tukamfuata.

"Bwana Pampu," alimwambia mbele ya wateja, "kwani wewe mama alikunyonyesha kwa mashine? Mimi na wewe tumenyonya titi moja, mbona wewe hukujifunza kitu?"

Watu hawana mbavu. Pampu naye alicheka. Alikuwa mtu wa kucheka polepole, halafu kurudi kazini kama hana hili wala lile. Mimi niliyekuwa nikimchungulia tunduni niliona kucheka kunaishia kwenye meno.

Sasa asubuhi moja Filimbi akaja na uso umeshuka. Upande wa kulia wote ulikuwa umelegea, mdomo umevutwa kushoto, jicho la kulia halifumbi. Nilimpitishia chai, akanywa, nusu ikamwagikia kwenye ovaroli.

"Nenda hospitali," nikamwambia.

"Nimelalia dirisha. Upepo tu."

"Upepo gani unaofanya mtu ashindwe kumeza chai? Nenda hospitali, usifanye ubishi."

"Mama Sindano," akasema, na ile "mama" ilimtoka kwa taabu, "wewe shona."

Nikashona. Ukimwambia mtu mara ya pili anakuona unamwombea mabaya.

Siku hiyo hiyo ndipo lilipokuja lile gari. Lilikuwa gari la michezo la zamani, jekundu, fupi, la milango miwili, mali ya daktari wa meno, mwanamke mwenye sauti ya upole na saa kubwa mkononi. Taa zake za mbele zimelala ndani ya boneti. Ukivuta swichi zinaamka, ukirudisha zinalala. Hakuna mota. Kinachoziamsha ni mvuto wa injini, unaopita kwenye mipira myembamba hadi kwenye tangi dogo, na kutoka hapo hadi kwenye makopo mawili ya bati, moja kwa kila taa. Ndani ya kopo kuna kiwambo cha mpira. Hewa ikivutwa, kiwambo kinarudi nyuma, kinavuta chuma, taa inasimama.

"Nikiwa kwenye tambarare hazina neno," daktari akaeleza. "Nikipanda mlima, nikikanyaga mafuta, zinalala zenyewe. Nabaki gizani na gari linakwenda."

Filimbi akaliwasha, akavuta swichi. Taa zikaamka. Akakanyaga mafuta hadi mwisho, na kweli, zikaanza kushuka taratibu kama mtu anayesinzia kwenye hotuba. Akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Aliipenda kazi ya namna hii kuliko chakula. Fundi rangi akaguna kule nyuma kwamba leo fundi na gari wamekutana, mmoja macho hayafunguki, mwingine hayafumbiki, wangebadilishana. Filimbi akamtukana ukoo mzima na kuinama kazini.

Akachomoa mpira wa kopo la kushoto, akavuta, akaziba kwa ulimi. Ulimi ukaachiwa. Kopo limetoboka. Akahamia la kulia, nalo limetoboka. Akapima tangi, limetoboka. Mpira mrefu, umetoboka. Mpira mfupi, umetoboka.

Mtu mwingine yeyote angejiuliza. Yeye hakujiuliza, kwa sababu kipimo chake hakikuwahi kumdanganya tangu utoto. Akaandika barua kwa muuza vipuri wa mbali, yakaja makopo mapya yamefungwa kwenye karatasi ya mafuta. Akayatia mdomoni kabla hata ya kuyafunga. Yametoboka. Akampigia muuza vipuri simu akampa vidonge vyake, yule maskini akaapa, akaleta mengine. Yametoboka. Kwa Filimbi dunia nzima ilikuwa imetoboka isipokuwa yeye.

Mimi niliona kwa tundu langu kilichokuwa kikitokea. Alipovuta, upande wa kulia wa midomo haukubana mpira. Hewa iliingilia pale, kwenye kona, kwa sauti ndogo kama mtu anayenyonya embe. Mpira ulikuwa mzima. Aliyevuja alikuwa yeye.

Na Pampu aliliona hilo kabla yangu. Mchana mmoja Filimbi alipokwenda kula, Pampu alitoa pampu yake chooni, akapima makopo ya zamani. Mshale ukapanda ukasimama pale pale. Akapima tangi, mshale ukasimama. Akafika kwenye vali ndogo ya plastiki karibu na injini, ile inayoruhusu hewa kwenda upande mmoja tu, ili injini ikichoka mlimani mvuto uliohifadhiwa kwenye tangi usikimbie. Mshale ukaanguka. Vali ilikuwa imepasuka. Kitu cha ukubwa wa kifundo cha kidole.

Nikadhani atamsubiri kaka yake amwambie. Akairudisha vali mahali pake, akafunga kila mpira kama alivyoukuta, akarudisha pampu chooni.

Alisubiri siku ambayo daktari angekuja na Mjomba yupo. Siku hiyo daktari alikuja amekasirika kistaarabu, Mjomba akatolewa kiti, mafundi wote wakasogea, maana harufu ya ugomvi huita watu. Filimbi akasimama mbele ya gari akieleza, na herufi nyingine hazikuwa zikimtoka vizuri, kwamba gari zima limeoza, kwamba siku hizi hata vipuri vipya ni takataka.

"Kaka," Pampu akasema, "naomba kuuliza kitu."

"Wewe nyamaza, wakubwa wanaongea."

"Mwache aulize," Mjomba akasema.

Pampu akachukua moja ya makopo mapya. "Hili ni zima au bovu?"

"Bovu. Nimekwisha lipima."

Pampu akafunga pampu yake kwenye kopo, akabana mara mbili tatu, akampa Mjomba ashike. Mshale umesimama. Mjomba akautazama, akampitishia daktari. Mshale umesimama vile vile.

"Saa yako mbovu," Filimbi akasema.

"Huenda," Pampu akajibu, kwa adabu kabisa. "Basi tutafute kitu ambacho sote tunajua ni kizima." Akainama kwenye kreti la soda, akatoa chupa tupu, akaifuta mdomo kwa kitambaa safi. "Chupa haina mpira. Haina kiwambo. Nyonya hii, kaka."

Kila mtu pale aliucheza mchezo huo akiwa mdogo. Unavuta hewa, chupa inanasa ulimi, unaachia mikono na chupa inaning'inia, na mama anakugombeza. Hakuna asiyeuweza.

Filimbi aliangalia ile chupa. Nadhani wakati huo huo alijua. Nilimwona akimtazama Mjomba, si kwa jeuri yake ya siku zote, bali kama mtu anayeomba aambiwe aache. Mjomba alikuwa akisugua goti.

"Nyonya tumalize," Mjomba akasema. "Watu wana kazi."

Akaitia mdomoni. Akavuta. Ile sauti ya kwenye kona ikasikika na safari hii kila mtu aliisikia, maana gereji ilikuwa kimya. Akavuta tena kwa nguvu, mishipa ya shingo imemtoka, mate yakaanza kumshuka kidevuni na kuingia kwenye kola. Akaachia mikono. Chupa ikaanguka chini, haikupasuka, ikabingirika mpaka kwenye kiatu cha daktari.

Hapo angeweza kusema anaumwa. Neno moja tu. Akajifuta kwa kiganja na kusema, "Imetoboka."

Jamani. Walicheka mpaka fundi umeme akakaa chini. Mjomba mwenyewe alicheka, akakohoa, akacheka tena. Mimi sikucheka, na msinisifu, nilikuwa na misumari ya kiti mdomoni na ningeimeza. Pampu ndiye hakucheka hata kidogo. Alichomoa ile vali iliyopasuka, akawaonyesha, akafunga nyingine aliyokuwa nayo mfukoni, akawasha gari na kukanyaga mafuta hadi injini ikalia. Taa zikabaki zimesimama wima. Daktari akasema asante.

Mjomba hakuita kikao. Alipoinuka kwenda zake alimpa Pampu funguo mbele ya watu, akamwambia Filimbi, "Mpwa wangu, wewe pumzika kidogo na mambo ya kupima." Siku ya pili Filimbi akapewa kazi ya kuosha vipuri kwenye beseni la mafuta ya taa. Jina nalo likabadilika. Wakamwita Chupa. Wateja waliokuja kumtafuta Filimbi waliambiwa hakuna mtu wa jina hilo, na watu wakaona ni utani.

Uso haukurudi. Hospitali alikwenda baadaye sana, akaambiwa amechelewa.

Sasa, daktari wa meno alirudi muda mrefu baadaye, safari hii kwangu, anataka viti vya lile gari vishonwe upya. Nilikuwa nampimia ngozi ya viti, akauliza kwa sauti yake ya upole, "Yule fundi wenu aliyepooza uso, amepona?"

"Hajapona."

"Ajabu. Wengi hupona wakiwahiwa. Nilimwambia mdogo wake siku ile ile niliyoleta gari, aliponirudisha kazini. Nilimwambia amkimbize hospitali, dawa yake ni siku za mwanzo. Akaniambia, 'Usijali, daktari, nitamwambia.'"

Niliweka mkasi chini, nikamwacha daktari na vipande vyake vya ngozi. Nikamkuta Pampu kwenye kile chumba ambacho Mjomba alikuwa akikiita ofisi. Alikuwa akipangusa kioo cha saa ya pampu yake.

"Ulijua ni ugonjwa," nikamwambia. "Tangu siku ya kwanza."

Hakushtuka. "Nilijua."

"Na hukumwambia."

"Dada, wewe ulimwambia. Alikujibu nini?"

"Aliniambia nishone."

"Basi."

"Basi nini? Mimi ni jirani wa bati. Wewe ni damu yake, mmenyonya titi moja."

"Ndiyo," akasema. "Na alinikumbusha kila siku, mbele za watu." Akaendelea kupangusa kile kioo kilichokuwa safi tayari. "Ningemwambia angekwenda. Angetukana kwanza, halafu usiku angeogopa, angekwenda. Angepona. Mimi leo ningekuwa wapi?"

Nikatoka. Kikulacho ki nguoni mwako, nikasema moyoni, na Filimbi atalisikia leo hii kutoka kwangu, liwalo na liwe.

Filimbi alikuwa amechuchumaa penye beseni, mikono imezama hadi viwikoni, anasugua boliti moja moja kwa mswaki wa zamani. Nikasimama mbele yake. Kabla sijafungua mdomo akaanza yeye, polepole, kwa yale maneno yake yanayovuja upande mmoja.

"Watu wanamsema mdogo wangu, nawasikia. Wanasema kaninyang'anya. Mwingine angenifukuza, sivyo? Kwa nilivyomtesa yule, mwingine angenitupa nje. Yeye kaniachia kazi. Na kila wiki ananipeleka kuchuliwa uso, ananingoja nje mpaka nimalize. Sina mtu mwingine wa kunifanyia hivyo." Akapangusa mate kwa bega, kwa kuwa mikono ilikuwa na mafuta. "Ulikuwa unataka nini?"

Maneno yote yalikuwa pale, nimeyapanga. Nikamtazama kidevu, nikamtazama lile jicho lisilofumba, likitoa machozi yake lenyewe kwa sababu ya mvuke wa mafuta.

"Sabuni," nikasema. "Nimeishiwa sabuni."

Akanisogezea kipande chake kwa kiwiko. "Chukua tu, dada. Samahani, kina uchafu."

Miaka yote ile hakuwahi kuniita dada, wala kuniomba samahani. Nilikasirika kuliko siku zote alizonitukana.