Teke la Kurudi

Shule niliishia darasa la nne. Ninachojua nilijifunza chini ya magari, karibu na Barabara ya Jogoo, na ndani ya ukumbi wa mtaa wetu wa Ziwani, ambako nimefundisha karate miaka mingi kuliko umri wa wanafunzi wangu wengi.

Kilichoniangusha mimi ni giaboksi, si mtu. Hilo nataka lieleweke. Nilikuwa nimelala chini ya lori, jeki ikateleza, giaboksi ikatua kifuani. Mbavu tatu zikavunjika. Daktari akasema nisahau karate. Nikamwambia asante, nikaenda nyumbani. Miezi minane nililala nimeketi, na kila kikohozi kikija nakumbatia mto.

Sasa, klabu yetu ina sheria kwa anayerudi baada ya kuumia. Anavaa mkanda mweupe, anasimama mwisho wa mstari hata akiwa nani, na kabla ya kurudishiwa mkanda wake anapigwa teke moja palepale alipoumia. Mikono nyuma, hajikingi. Si teke la kuvunja, lakini si la kupapasa pia. Sheria hiyo niliiweka mimi. Nilisema woga hukaa pale palipovunjika, na anayelinda mfupa mmoja atapigwa kwingine kote. Wamepita watu wa goti, wa bega, wa taya. Sikumhurumia hata mmoja.

Jumamosi ya kurudi, mke wangu aliniona nakunja nguo za mazoezi.

"Wenzako wa umri huu wanavaa sweta," akasema, "wewe unavaa mkanda."

Nikafunga zipu ya mfuko. Hakujua kwamba ndani yake mlikuwa na kipande cha tyubu ya lori, nilichokikata karakana kikanienea kifua kizima. Nilipofika ukumbini niliingia chooni, nikajifunga nacho, nikavaa nguo juu yake. Nikajiambia hiyo ni akili ya fundi. Ulikuwa woga, basi.

Nikasimama mwisho wa mstari, nyuma ya mama mmoja wa mkanda wa njano anayeuza mitumba Muthurwa. Akageuka.

"Mwalimu, huku nyuma ndio kwetu. Karibu, ila usitusukume."

Wakacheka. Nikacheka pia, ingawa tyubu ilinibana pumzi.

Aliyeshika klabu nikiwa mgonjwa ni mwanafunzi wangu wa zamani, mama wa watoto wawili, karani pale Makadara. Alikuja kwangu hajui hata kukunja ngumi. Yeye ndiye wa kunipiga. Mzee mwenzangu mmoja akaingilia, "Huyu asamehewe. Sheria si ni yake?"

"Ndiyo maana sisamehewi," nikasema.

Karani akanitazama. "Mwalimu, nipige kweli?"

"Kwani umekuja kunipaka mafuta?"

Akapiga. Bwe! Sikusikia maumivu yoyote. Watu wakapiga makofi. Karani hakupiga makofi. Alichukua mkanda wangu mweusi mezani, akanisogelea kama anayetaka kunifunga, akanong'ona, "Mwalimu, nimepiga gurudumu."

Hakuna mwingine aliyesikia. Na ningeunyoosha mkono tu, angenipa mkanda, kisha angenyamaza mpaka siku wananizika, kwa heshima. Namjua. Lakini kila nikimsahihisha angejua anasahihishwa na nani.

Nikafungua koti la mazoezi mbele ya wote. Nikavuta tyubu, ikaanguka sakafuni.

"Ala! Mzee amekuja na spea!" mama wa mitumba akapaza sauti.

Ukumbi mzima ukavunjika kwa kicheko. Niliwaacha wacheke, nilistahili. Wakanyamaza wenyewe walipouona mshono wa upasuaji kifuani.

"Lile halihesabiwi," nikamwambia karani. "Piga mtu sasa."

Alirudi nyuma hatua mbili. Nilipoona goti lake linapanda, mkono wangu wa kushoto ulianza kuja mbele wenyewe, kama mkono wa mtu mwingine. Nikaurudisha nyuma, nikaushika na wa kulia. Teke likafika. Moto ukapita kifuani hadi mgongoni, nikasogea hatua moja, macho yakalengwalengwa na machozi. Nikangoja kusikia mfupa ukilia. Haukulia. Nikavuta pumzi, ikaingia yote mpaka chini, kwa mara ya kwanza tangu lile lori.

Nimejenga nyumba kwa mikono hii, nimesomesha watoto. Ila sijui kama nimewahi kujivuna kama nilivyojivunia mguu ule uliokataa kunihurumia. Ni mimi niliyeufunza.

Akanifunga mkanda.

"Bega lako la kulia linashuka unapopiga," nikamwambia.

"Najua, mwalimu."

"Unajua na bado linashuka? Rudi kwenye mstari. Tunaanza."