Mshauri wa Michezo pale Kondele

Mwaka ule gugu maji lilipoifunga ghuba ya Kisumu, meli zilisimama gatini kama ng'ombe waliofika kwenye boma wakakuta mlango umezibwa. Gugu lilichanua maua ya zambarau mpaka macho yalipokomea. Mtu aliyesimama ufukweni asubuhi angeapa kwamba ziwa limekuwa shamba, na kila meli ni mti mmoja mweupe uliopandwa katikati yake.

Zadock Obiero alikuwa mpishi wa meli ya abiria tangu ujana. Kendu Bay, Homa Bay, Mfangano, kote huko alikujua kwa harufu kabla ya kukuona kwa macho. Aliambiwa aende nyumbani, ataitwa. Hakuitwa. Nyumbani kwake Kajulu, chini ya vile vilima vya mawe, mkewe Selpha alimfukuza jikoni kwa adabu, maana kila alichopika kilitosha ukoo mzima. Basi akawa mtu wa kutembea. Siku moja mvua ilimkuta Kondele, akajibanza kwenye mlango wa chumba cha Wangui, na chumba kile hakikumwachilia tena.

Wangui alitoka Murang'a. Alianza na biashara ya viazi, kisha akaleta kutoka Nairobi televisheni mbili na mashine za michezo. Mlangoni alitundika blanketi kuzuia jua, ndani kukawa na giza la buluu, kama giza la chini ya maji. Nje watu waligombania njia na mikokoteni. Ndani wanaume wazima walikaa kwenye mabenchi wakitazama vijitu vidogo vikikimbia, na nyuso zao zilibadilika rangi kila kioo kilipobadilika.

Michezo ilikuwa ndani ya kaseti nene za plastiki, na juu ya kila kaseti kulikuwa na maandishi ya mashariki ya mbali ambayo hakuna aliyeweza kuyasoma. Picha nazo zilidanganya. Nje joka, ndani vifaru vya vita. Nje msichana mwenye upanga, ndani mbio za magari. Mteja alihitaji mtu wa kumwambia achukue ipi, na hapo ndipo Zadock alipopata kazi ambayo hakuna aliyemwajiri. Alikaa nyuma juu ya kreti la soda, akatazama wengine wakicheza hadi kaseti zote zikamwingia kichwani. Yeye mwenyewe hakuwahi kugusa kile kidude cha mkononi. Alizipa majina. Kulikuwa na Askari, anayekimbia na bunduki bila kugeuka nyuma. Kulikuwa na Kisiwa, mtu aliyetupwa na mawimbi peke yake, atafute chakula na moto kabla giza halijaingia. Na kulikuwa na Mfalme, ambaye hugawa mchele, huweka walinzi mipakani na kujenga kuta za kuzuia mto usimeze mashamba.

Hakuuliza mtu anataka nini. Mpishi wa meli haulizi, humtazama abiria anavyopanda ngazi. Mwenye kichefuchefu humpi samaki wa mafuta. Kwa hiyo Waliaula mchinjaji alipoingia na aproni yake yenye damu akidai bunduki, Zadock alimwambia kwamba amekata tangu alfajiri na imetosha, akae na Mfalme agawie watu chakula. Waliaula alicheka sana. Lakini alikaa, na tangu hapo kila Jumamosi alikuja kuulizia kuta zake za mto kama mtu mwenye shamba la mpunga Ahero. Mashine haikuwa na kumbukumbu. Ufalme ulikufa kila swichi ilipozimwa, naye aliujenga upya bila kununa.

Elsie, mwalimu wa chekechea aliyeongea kwa sauti ya chini kama mtu anayebembeleza mtoto, alipewa Askari. Alipiga risasi mpaka akatokwa na machozi ya kicheko, akajifuta, akashukuru, akarudi shuleni. Na kijana mmoja aliyekuwa amepoteza kazi alipoomba Kisiwa, alikataliwa mbele ya watu.

"Kisiwa ni cha mtu aliyeshiba, omera," Zadock alimwambia. "Wewe njaa unayo nyumbani. Chukua cha kushinda."

Alikuwa na sharti moja. Ushauri ni kabla ya mchezo. Mchezo ukianza, mshauri hana mdomo. Sharti hilo alilitoa kwa babu yake, aliyecheza ajua, lile bao la kwao, juu ya mwamba uliochimbwa vishimo pale Kajulu, kete zikitembea kutoka shimo hadi shimo mchana kutwa, na watazamaji wakimeza maneno yao kama dawa. Nani anacheza ajua sasa? Mbao zake zimekuwa kuni, na mwamba ule umepasuliwa ukawa kokoto za kujengea maduka. Siwindhe, nyumba ya bibi ambamo wasichana walilala wakisikiliza hadithi, imekuwa ghala la mahindi. Leo kila mtu ana mchezo mfukoni, na mchezo wenyewe ndio humwambia acheze nini baada yake. Haumtazami usoni. Haujui kama amezika juzi.

Ajabu ya watu wetu ni hii: walipoanza kuacha mambo ya zamani, waliacha kwanza yaliyokuwa matamu. Yenye kufuli waliyashika.

Zadock alikuwa na binti, Apiyo, aliyeolewa Muhoroni na dereva wa trekta la miwa. Mume alikonda mwaka mzima, akafa. Baada ya mazishi wakwe walimleta shemeji amrithi, kama desturi inavyotaka. Apiyo alisema hapana. Alisema kwa upole, mbele ya wazee, na hakueleza kwa nini, ingawa kila aliyemwona marehemu akikonda alijua. Kuanzia siku hiyo milango ilifungwa. Mjane ambaye hajarithiwa haingii katika nyumba ya mtu, hata ile aliyozaliwa, asije akaingia na chira, ile laana inayomnyausha mtu polepole kama jani. Alihamia Kisumu, akapanga chumba Manyatta, akauza omena, dagaa wa ziwa. Alipokwenda Kajulu, Selpha alimpa chakula juu ya ua, mama huku na binti kule, wakila wamesimama.

Oketch, kaka mkubwa wa Zadock, ndiye aliyekuwa sauti ya ukoo. Alikuja, akaketi, akakataa chai. Alieleza taratibu kwamba Apiyo akivuka kizingiti kile kabla mambo hayajatengenezwa, yeye hatakanyaga tena katika boma la Zadock, kwa harusi wala kwa matanga. Zadock alimpenda kaka yake. Pia alikuwa na wajukuu kwa mwanawe wa kiume, wadogo, na kila mmoja alipokohoa usiku alimsikia. Aliondoka kwenda Kondele.

Ilikuwa adhuhuri alipoiona miguu chini ya blanketi la mlangoni. Aliijua miguu ile. Ilisimama hapo muda mrefu, vidole vikipanda juu ya vidole. Kisha sauti ikamuuliza Wangui kama mtu wa namna yake anaruhusiwa kuingia, ikaeleza ni wa namna gani.

"Hii si nyumba ya mtu, ni biashara," Wangui alisema. "Ingia au utoke, Mama, jua linaniharibia televisheni."

Apiyo akaingia. Hivyo ndivyo baba na binti walivyokaa chini ya paa moja kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Walitazama mbele wote wawili, kama abiria. Mwishowe yeye ndiye aliyezungumza.

"Wanasema wewe ndiye unajua, Baba. Nicheze upi?"

Zadock alimtazama mwanawe na kwa mara ya kwanza hakuona kitu. Aliona tu yule mtoto wa zamani, aliyekuwa akimsubiri gatini. Mdomo ukasema Kisiwa.

Apiyo alicheza. Alimtafutia yule mtu maji, akamwashia moto, akamlaza chini ya majani huku bahari ikiingia na kutoka. Alikuwa na mikono mizuri, hakupoteza kitu. Kisha akakiweka kidude chini.

"Huyu nimekuwa yeye tangu mwaka jana," alisema. "Hakuna mwingine?"

Waliaula alikohoa. Kijana fulani akanong'ona kwamba leo Jaduong', mzee wao, amechoma ugali. Zadock, kwa unyonge ambao wateja hawakuuzoea, alimuuliza binti yake swali ambalo hakuwahi kumuuliza mtu yeyote pale: anataka nini?

"Wenye watu."

Akampa Mfalme, na mwezi ule ukawa kama ndoto ya mchana, ile ambayo mtu hujua anaota na hataki kuamshwa. Apiyo alikuja kila alipomaliza soko. Watu wake kwenye kioo walipanda mchele, wakajenga, na mto ulipofurika hakupigania ngome kama Waliaula. Aliwahamisha wote, mstari mrefu wa vijitu vikivuka maji kuelekea kilimani, na chumba kizima kiliinama mbele kuwatazama. Selpha naye alianza kuja, na sufuria ya samaki iliyofungwa kwa kitambaa. Walikula nyuma ya blanketi, magoti yakigusana, na mwanga wa buluu ukiwapita mikononi. Zadock alisinzia juu ya kreti lake na kusikia honi ya meli, akafumbua macho, akawaona mke na mtoto wakichambua miiba kutoka sahani moja, akayafumba tena haraka.

Wateja waliulizia kaseti, naye alijibu bila kujua alichojibu. Alimpa mlevi Kisiwa, mlevi akalia.

Kisha Wangui akatangaza kwamba mwezi ukiisha anahamia Nakuru kwa dada yake. Chumba kilikuwa kimepata mpangaji mwingine, muuza vipuri. Alisema hivyo huku akihesabu kaseti kwenye katoni, bila ubaya, kama mtu anayesema kesho kutanyesha.

Siku ya mwisho walijaa. Kila mmoja alitaka mchezo wa mwisho achaguliwe na Jaduong', na yeye alichagua, akitazama uso baada ya uso, Waliaula, Elsie, na yule kijana ambaye bado hakuwa na kazi. Apiyo alisubiri wote waishe. Hakuomba kaseti.

"Kesho nitakuona wapi, Baba?"

Zadock alisema kwamba Selpha atakuja Manyatta. Alisema wanaweza kukutana sokoni. Alisema mambo yatatengenezwa, wazee watakaa. Apiyo alisikiliza yote mpaka mwisho, kama alivyofunzwa.

"Sisi unatwambia kila siku," alisema. "Askari, Mfalme, nenda huku. Wewe mwenyewe sijakuona ukicheza hata mara moja."

Hakusema kwa hasira. Waliaula, akidhani ni utani, alimnyooshea mzee kidude, na watu wakapiga makofi wakitaka kumwona. Zadock alikitazama kile kitu kikining'inia kwenye waya wake. Mikono yake ilikuwa imelala magotini. Alifikiri juu ya kaka yake, na kikohozi cha wajukuu, na alijua kwamba hata akikaa hapo hadi Wangui azime umeme, hakuna atakayemshauri.

Akasimama.

"Chukua kikapu chako, nyara, binti yangu," alisema. "Twende ukale nyumbani."

Walitoka jua likiwa bado kali. Hakupita vichochoroni. Alipita barabara kubwa ya Kajulu na binti yake pembeni, akisalimia kila aliyemsalimu, na habari iliwatangulia, kwa hiyo walipofika majirani walikuwa wamekwishapata kazi za kufanya karibu na ua. Apiyo alisimama langoni. Zadock aliona vidole vya miguu yake vikipanda juu ya vidole. Hakumvuta, alipita mbele yake, akaenda mpaka mlangoni, akauondoa ule mlango wa mabati kwenye bawaba zake kwa nguvu alizokuwa amezihifadhi tangu aachishwe meli, akauegemeza ukutani. Palipokuwa na mlango pakawa na nafasi tu. Selpha alitoka jikoni na unga mikononi, akaona, akarudi kusonga ugali.

Apiyo akaingia.

Walikuwa wanakula Oketch alipofika. Alisimama nje ya lango, fimbo mkononi, kofia kichwani. Hakuita mtu kwa jina. Apiyo ndiye aliyemsalimu, akiwa ndani, akamwita Baba kama alivyomwita maisha yake yote, na kwa kuwa mlango haukuwepo, sauti ilimfikia nzima. Oketch aliegemea fimbo yake. Alipojibu alisema tu kwamba amesikia kiu, njia ni ndefu.

Zadock aliinuka aende na kikombe, lakini Apiyo alikuwa ameshakichukua. Alivuka uwanja, akapiga goti kidogo, akakitoa kwa mikono miwili juu ya lango. Mzee Oketch alikipokea. Alikunywa nusu. Nusu iliyobaki aliimwaga chini taratibu, na mpaka leo hakuna anayeweza kusema kama aliwapa waliolala ardhini au alikuwa ametosheka tu. Kisha akarudisha kikombe mkononi mwa Apiyo, akabaki hapo langoni, hakuingia wala hakuondoka, hata jua likazama nyuma ya maua ya ziwa.