Mpangaji wa Bi Mwanarusi na Mbio za Ramadhani

Bi Mwanarusi alikuwa mjane wa Mji wa Kale, na chumba cha juu cha nyumba yake alikikodisha kwa wageni wa heshima. Mgeni aliyemzoea kuliko wote ni Nicodemus, fundi wa kutengeneza vyerehani vilivyoharibika, mtu wa Kisii kwenye milima na baridi. Tajiri wake alimzungusha pwani yote, leo Tanga, kesho Dar es Salaam, mara Unguja, na kila akipita Mombasa alishukia hapo, mfuko wa spana begani na raba zimening'inizwa juu yake kwa kamba.

Raba hizo ndizo zilizowachekesha majirani. Nicodemus alikuwa mtu wa mbio. Popote alipolala lazima akimbie, kuwe na joto kusiwe na joto.

"Mwanarusi, yule mpangaji wako yuwafukuzwa na nani?" Bimdogo, jirani wa mlango wa pili, alimuuliza barazani.

"Yuwawakimbia wenye maneno kama wewe."

Safari ya kwanza alikimbia kama yuko kwao, akarudi anajikokota, kwani jasho la huku halikauki, lamganda mtu mwilini kama nguo mbichi. Basi akajifunza. Akawa atoka baada ya alfajiri, kabla jua halijapanda, aanza kwa kutembea, kitambaa kilichorowa shingoni, na maji ayanywa kabla ya kiu. Alifuata barabara ya Ndia Kuu, akapita Ngomeni penye ngome kongwe, akaenda na bahari mpaka kivukoni Feri, kisha akageuka. Akirudi alimkuta Bi Mwanarusi amemtengenezea maji ya ndimu na chumvi kidogo.

Mwaka wa tisini na tano Ramadhani iliingia mwezi wa Februari, kaskazi imekolea, hata kuta zatoka jasho. Nicodemus ndiyo kwanza atoke Tanga. Bi Mwanarusi alimwekea jagi la maji chumbani kama kawaida. Jioni akalikuta limejaa. Kesho yake, vile vile. Na mbio zake Nicodemus akazihamishia alasiri, ili azimalize karibu na adhana ya magharibi, ashuke, anywe na wenyeji wake. Hakuambiwa na mtu. Aliona mwenyewe si adabu kunywa maji katika nyumba ambayo mwenyeji wake ana kiu.

Bi Mwanarusi alijua. Alijua pia kuwa mgeni huyu hali daku, maana saa ya daku alikuwa amelala fofofo, naye hakupanda ngazi kumwamsha. Lakini Bimdogo alikuwa ameshasema mbele ya wanawake wenzake, "Nyumba ya Mwanarusi ina baraka, jamani. Mpaka mtu wa bara yuwafunga." Wakaitikia mashallah. Bi Mwanarusi akainamisha uso kwa haya, na moyoni ukamwingia utamu kama wa tende. Tangu hapo kila aliposali alimwona Nicodemus ndani ya kanzu, akienda msikitini na wanaume wa mtaa. Kijana akishuka midomo imempasuka, yeye hutazama kando akamjazia uji.

Alasiri moja Karisa, msukuma mkokoteni, alisimama mlangoni. Baina ya magunia ya mkaa alikuwa amelala Nicodemus, magoti ameyakunja, ngozi kavu haina hata jasho.

"Hodi, mama. Nimekuletea mtu wako. Ameanguka pale Ngomeni. Nampa dafu, alisukuma. Asema kwao wafunga. Namuuliza kwenu wapi, wewe si Mkisii? Yeye ashikilia hapo hapo, kwetu wafunga."

Bi Mwanarusi akahisi kama aliyepigwa kofi. Wakamwingiza ukumbini, wakamlaza mkekani, wakamwekea kitambaa cha maji kichwani. Bi Mwanarusi akampelekea gilasi ya maji mdomoni. Nicodemus akaufumba.

"Bado adhana, mama."

"Kunywa, mwanangu. Wewe huna funga."

"Imebaki kidogo tu."

Hapo Bi Mwanarusi akakumbuka aliyosomeshwa katika chuo cha Kurani angali mtoto. Hata Muislamu, akiwa mgonjwa au msafiri, amepewa ruhusa ale, alipe baadaye. Huyu ni mgonjwa, tena msafiri, tena dini si yake. Nani basi aliyemfungisha?

"Nisikize," akasema. "Nilijua hunywi. Nilijua huli daku. Nikanyamaza kwa kuwa nilipenda kusifiwa. Likikupata la kukupata humu ndani, Mungu ataniuliza mimi, hatakuuliza wewe. Usinitwike mzigo huo, mwanangu. Kunywa."

Akanywa funda moja, halafu jingine, halafu akaishika gilasi mwenyewe. Karisa, aliyekuwa kizingitini akitazama njiani, akasema, "Basi na lile dafu nilikate," akatoka.

Kesho yake mchana Bi Mwanarusi alifungua mlango wa mbele wazi, akapika wali wa nazi na samaki wa kupaka, chumvi aipima kwa jicho kwa kuwa hawezi kuonja. Harufu ikatoka mpaka njiani. Bimdogo akaja, amejiziba pua kwa leso.

"Mwanarusi, mchana huu? Wampikia nani?"

"Mgeni wangu."

"Si yuwafunga?"

"Hakuwa na funga. Mimi ndiye nilomfungisha, kwa kiburi changu. Wale uliowapa habari ya kwanza, wape na hii."

Bimdogo akaenda zake polepole, leso ingali puani.

Nicodemus alikula ameinama. Bi Mwanarusi akamwambia arudi kwenye mbio zake za alfajiri, ale mchana, na magharibi ashuke vile vile wafuturu pamoja. Akamwomba radhi.

"Hujanikosea, mama," Nicodemus akasema. "Mimi nilipenda tu kungoja adhana pamoja nanyi. Kote ninakozunguka, Tanga, Dar, ninakula peke yangu, nimeangalia ukuta."

Neno hilo lilimchoma kuliko lawama. Siku zote hizo alikuwa akimtakia msikiti, ili baraza ya wanawake ipate la kusema. Kijana mwenyewe alitaka tu mtu wa kula naye. Akamwongezea wali. Nicodemus akasema ameshiba. Akamwongezea tena, na samaki juu yake, kisha akaketi hapo karibu naye mpaka kijana alipomaliza.