Wigi Langu Kwenye Majani ya Bahari

Wifi yangu, dada wa mume wangu, ana mambo! Kazi yake ni kuchokoa kombe, wale wadudu wa bahari wenye magamba, ufukweni kama sisi wengine, lakini sisi tukirudi tunaosha miguu, basi. Yeye anarudi na kombe wazima, anawatia kwenye mabeseni jikoni kwangu, anawamwagia maji ya vuguvugu na kuwabembeleza wazae. Siku waliyozaa kweli, maji yakawa meupe kama uji, alipiga vigelegele mpaka mume wangu akatoka bafuni na povu masikioni. Tangu hapo tunamwita Mkunga.

Kombe walikuwa wanatuishia. Mkunga akatusihi tuache sehemu moja ya majani ya bahari bila kuigusa, wakubwa wazae humo. Mtoto wa kombe ni mdogo kama chembe ya mchanga. Huelea kwanza, kisha hutafuta kitu cha kujishikiza akue hapo. Akatandaza mifuko ya nyavu ya vitunguu ili awanase, atuonyeshe. Wenzetu walikubali shingo upande: siku ya ukaguzi mifuko ikiwa mitupu, majembe yanaingia humo.

Katikati ya hayo akaazima wigi langu. Wigi jipya, refu, mwenyewe sijalivaa hata mara moja! Alikuwa anakwenda harusini. Kumbe kapitia ufukweni kwanza "kuchungulia mifuko kidogo tu," kainama, wimbi likaja, wigi likaenda. Nilinuna! Tukawa tunaombana chumvi kupitia kwa mume wangu.

Ilipofika siku ya ukaguzi, miezi baadaye, tukaingia majini sote na majembe yetu. Mfuko wa kwanza, tope. Wa pili, tope. Mifuko yote ilikuwa imelala chini ikaziba.

"Mkunga, tumekuvumilia vya kutosha," mwenyekiti wa kikundi chetu akasema, akainua jembe.

Nikamwona wifi yangu anaukung'uta tena mfuko uleule. Na kununa kwangu kote, roho iliniuma.

Nikageuza uso, nikaona kitu cheusi kimenasa kwenye kigingi cha mpaka wa sehemu ile, kinachezacheza na maji.

"Wigi langu!"

Nikalikimbilia, nikalinyanyua. Loo, zito! Nywele nzima zimejaa vidude vyeupe vigumu. Nikaanza kuving'oa kwa hasira.

"Usiwang'oe!" Mkunga akapiga ukelele. "Wifi, hao ndio wenyewe! Hao ndio watoto!"

Jamani! Mwenyekiti alitupa jembe. Watu wakacheza ndani ya maji, mmoja akaanguka chali na kubaki hapohapo akicheka. Mkunga analia, anacheka, ananikumbatia na matope yake. "Kumbe walitaka kitu kinachoelea! Mimi nimewatandikia chini!"

"Haya, na wigi langu?" nikauliza.

Wote wakanitazama.

"Wifi," Mkunga akasema taratibu, "wakikauka watakufa."

Nikasonya. Nikalifunga tena kwenye kigingi, fundo juu ya fundo, wimbi lisije likalichukua. Kisha nikaenda nyumbani, nikaleta na wigi langu la zamani.