Siku Baba Alipochomoa Jambia

Ilianza Ijumaa, saa kumi na nusu za jioni, mwaka 1966, sebuleni kwetu Maskati. Dada yangu alikuwa anaposwa. Ami wa bwana harusi alikuja na wazee wawili, na mimi nikawa nyuma ya pazia, pahala nnapokaa siku zote wageni wakija, kwa sababu nikisalimiwa na watu nisiowajua nnasahau kuitika.

Baba alivaa jambia la kuazima kwa jirani. Unguja, tulikotoka, alikuwa karani, akivaa suruali, na jambia la babu lilikaa ukutani, likabaki huko huko. Hapa mwanamume akihudhuria shughuli bila jambia ni kama hakumaliza kuvaa. Jirani alimfunga mkanda mwenyewe, akamwonesha namna ya kukaa. Sheria yake hakumwambia, maana hapa hata mtoto anaijua. Bunduki huachwa langoni kwa askari. Jambia unaingia nalo popote, hata kwa wali, mkuu wa mji, ila likae ndani ya ala. Ukilichomoa mbele za watu umemtaka mtu ugomvi, na utaitwa ueleze.

Wageni walileta kapu la halwa lililofungwa kamba. Ami akawa anaeleza kwamba harusi ikipita bibi harusi atahamia Nizwa kwa wakwe. Baba alikuwa anahangaika na fundo. Alijaribu kwa kucha, akajaribu kwa meno. Ami alipofika kwenye Nizwa kwa mara ya pili, baba alichomoa jambia, akakata kamba, akasema, "Karibuni halwa."

Hakuna aliyekaribia. Ami alisimama, wazee wakasimama, wakavaa viatu wakaondoka. Baba alibaki na kipande cha kamba mkononi.

Baada ya Magharibi jirani alileta habari. Wale watu wanasema baba ametoa jibu lake kuhusu Nizwa, nao wamelielewa. Posa imevunjika, na shauri litafika kwa wali. Baba aliapa kwamba hana neno na Nizwa, hajui hata iko upande gani.

Mama alimtazama. "Kisu kipo jikoni, bwana. Si ungeniita?"

"Hili lilikuwa hapa hapa kiunoni."

"Na kibiriti kilikuwa mfukoni. Mbona hukuchoma nyumba?"

Dada alikwisha kumwona yule kijana mara moja kutoka darini, na akamtaka. Sasa alikuwa anakunja nguo zilizokwisha kukunjwa.

Jirani akaongeza kwamba mama yake ami, yaani bibi mzaa baba wa bwana harusi, ambaye neno lake ndilo la mwisho kwao, amesikia kulikuwa na msichana nyuma ya pazia. Kabla jambo halijakwenda kwa wali, anataka kulisikia kwa huyo msichana. Wote wakanigeukia. Nikarudi nyuma ya pazia.

"Sema ulichokiona tu," dada akaniambia. "Usitie chumvi." Chumvi ningeitia wapi, na mimi sentensi ya kawaida huwa siimalizi.

Asubuhi, lango la mji lilipofunguliwa, nilikwenda na mama nje ya mji, kwenye nyumba waliyofikia wageni. Bibi aliniketisha karibu yake, akaniuliza kwa Kiarabu, polepole.

"Baba yako alikuwa anamtazama nani alipolichomoa?"

"Kamba, bibi."

"Na mwanangu alikuwa anasema nini?"

Jibu la adabu nilikuwa nalo kwa Kiswahili. Kwa Kiarabu lilinijia la kweli tu. "Baba alikuwa hamsikilizi."

Mama alifumba macho. Bibi akasema hilo analiamini, yeye mwenyewe hajamsikiliza mwanawe huyo miaka mingi. Akamwambia mama wanaume watarudi kesho, na baba avae kanzu tupu, bila jambia.

Halafu akanimiminia kahawa. Nilipomaliza akamimina tena, na tena, na mimi kwa haya nikanywa kila alichomimina, mpaka mama akanishika mkono, akakitikisa kikombe, ndiyo ishara ya huku kwamba nimetosheka.